Eti maji ya mto na ya bahari hayachanganyiki? Njooni Pangani

Ile video imeanza kuzunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp, upande huu maji ya udongo upande ule bluu, na jamaa anaongea kwa sauti nzito kwamba maji haya hayachanganyiki abadani. Jamani. Picha maarufu ya aina hiyo ilipigwa 2007 kule Ghuba ya Alaska na Ken Bruland, mwanasayansi wa bahari wa chuo kikuu cha California, Santa Cruz, na alishaeleza mwenyewe kwamba mwishowe yanachanganyika, rangi ile ni udongo laini wa barafu za milimani ulioletwa na mito.

Na sisi mkoa wa Tanga mstari kama huo tunao. Toka na boti Pangani, pale mto Pangani unapoingia baharini, kwenda kisiwa cha Maziwe siku za masika utauona, povu limejipanga, makumbi ya nazi na majani yamenasa humohumo. Sio ukuta. Mita moja ya ujazo ya maji ya mto ina kama kilo 1,000, ya bahari kama 1,025 sababu ya chumvi, kwahiyo ya mto yanaelea na kutanuka juu, yakifika ukingoni yanakutana na ya bahari na hapo maji yanazama, vinavyoelea haviwezi kuzama ndo vinabaki vimejikusanya.

Kuchanganyika kwenyewe kunafanyika chini, ndo maana hamkuoni. Tabaka la juu, la maji ya mto, linakwenda nje, la chini, la maji ya chumvi, linavutana nalo au linarudi ndani kabisa, pale yanaposuguana vinatokea viwimbi vinajikunja vinavunjika, na chumvi inapanda. Bamvua, siku ambazo maji yanajaa na kupwa sana, maji yanakwenda kwa nguvu, yanavurugika vizuri. Maji mafu, siku ambazo kujaa na kupwa ni kidogo, yanatulia, matabaka yanajitenga. Kwahiyo mlango uleule wa mto, wiki mbili tofauti, majibu tofauti.

Dhana nyingine naisikia sana, kwamba mto unapoza bahari. Mh, inategemea. Mchana maji yale ya tope yanalinyonya jua hapohapo juu, na kwakuwa tabaka ni jembamba na halichanganyiki haraka, joto halina pa kwenda. Hesabu ni hii: jua la wati 800 kwa mita ya mraba, ukiacha linalopotea hewani, kwa saa moja linapandisha maji ya kina cha mita 1 karibu nyuzi 0.7, lakini yakiwa yamevurugwa mpaka mita 10 haifiki hata 0.1. Ndo maana anayeshuka kunasua nyavu mchana anaweza kusikia kifuani vuguvugu, miguuni baridi. Usiku upepo ukivuma mvuke unaondoka na joto, na tabaka hilohilo jembamba linapoa haraka kuliko bahari ya pembeni.

Sasa wengine wanasema likipoa litazama. Halizami! Maji ya mto yakishuka kutoka nyuzi 30 hadi 20 yanaongezeka kama kilo 2 na nusu tu kwa mita ya ujazo, wakati maji ya bahari yanayazidi kwa kilo 25 hivi sababu ya chumvi. Hapa chumvi ndo bosi, joto linafuata tu, unaweza ukakuta maji ya baridi yamekaa juu ya maji ya moto wala hayana shida.

Halafu kuna wanaoamini mto unasukuma tu kwenda nje. Kiangazi mto ukipungua, bahari ikijaa chumvi inapanda mto kuelekea bara huku inatambaa chini, na wenye mashamba ya kando ya Pangani wanalijua hilo kwa machungu. Mtu anaonja ya juu, anasema matamu haya, kumbe mdomo wa pampu ameulaza chini kwenye tope unavuta chumvi tupu anamwagilia mchicha. Subiri maji yapwe, halafu funga boya kwenye bomba lako linywe juu juu.