Watu wa mwaloni si wachafu, tatizo ni mchanga

Nimechoka kuisikia: "Wavuvi ni wachafu, ndiyo maana kipindupindu hakiwaachi." Juzi kaisema tena mtu aliyesoma, mbele ya kikao kizima, na watu wakatikisa vichwa kukubali.

Ni kweli mialo, yaani sehemu za kando ya ziwa wavuvi wanapoegesha mitumbwi, inaumia zaidi. Kati ya 2011 na 2015 zaidi ya nusu ya wagonjwa walioripotiwa Uganda walitoka jamii za wavuvi, ambazo ni asilimia 5 hadi 10 tu ya wananchi. Lakini shuka Ziwa Albert, mpakani mwa Uganda na Kongo, ujionee. Nyuma una mteremko mkali wa bonde la ufa, mbele maji, katikati ukanda mwembamba wa mchanga. Ukichimba shimo la choo, hujafika mbali maji yanachomoza na kuta zinaporomoka. Mvua kubwa ikinyesha, kilichokuwa shimoni kinaishia pale wanapochota maji ya kunywa. Choo kinachofaa pale ni cha kuinuliwa, chenye tangi lililozibwa, na kikijaa lazima kinyonywe. Gari la kunyonya litashukaje ule mteremko? Na mvuvi anayehama akifuata samaki atajengaje choo cha gharama hiyo kwenye kiwanja kisicho chake? Mnamkamata kwa kukosa choo, mnamtoza faini, anarudi kwenye mchanga uleule.

Wengine husema wakimbizi ndio wanaoleta kipindupindu. Mlipuko wa 2018 wa Hoima, wilaya ya Uganda kando ya Ziwa Albert, wagonjwa zaidi ya 2,000, uliwakumba sana waliovuka ziwa wakikimbia Ituri, mashariki mwa Kongo. Ila ugonjwa huu uko Uganda tangu 1971.

Chanjo ya kunywa naiunga mkono kwa moyo wote. Dozi mbili hukinga kwa miaka mitatu hivi, watoto wa chini ya miaka mitano wakipata kinga hafifu zaidi. Tangu Oktoba 2022, kwa uhaba wa chanjo duniani, kwenye milipuko hutolewa dozi moja, na kinga yake ni ya muda mfupi. Kinachoninyima usingizi ni hiki: milipuko mingi hushuka yenyewe, kwa hiyo wagonjwa wakipungua baada ya kampeni, siwezi kuapa kwamba ni chanjo. Na wakishapungua, bajeti ya maji husogezwa mwakani.

Wilaya ikiwa na fedha za jambo moja tu, mimi ningeanza na bomba la maji yenye klorini pale mwaloni, vyoo vifuate. Wenzangu wa usafi wa mazingira hawakubali, na hoja yao ina uzito: maji safi hayamzuii mtoto kucheza kwenye kinyesi.