Anayempooza mzamiaji si jini la maji

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, nikisimulia habari za wazamia kambakoche wa Honduras wanaopooza miguu, naambiwa: "Wamekutana na jini." Wamiskito, kabila la wazamiaji hao, wenyewe husema wameadhibiwa na Liwa Mairin, mwanamke wa majini. Sivyo.

Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo huongezeka, na naitrojeni, gesi iliyomo kwenye hewa ya mtungi anaopumulia mzamiaji, huyeyuka ndani ya damu. Ukipanda taratibu, inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka inafanya mapovu, kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa. Mapovu yakiziba damu kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa. Kijana aliyejirusha majini mzima asubuhi, jioni anabebwa mgongoni.

Kosa si uzembe wake. Analipwa kwa uzito wa kambakoche, ambao wengi huuzwa Marekani, hivyo anazama mtungi baada ya mtungi, mara nyingi bila kipimo cha kina. Mwaka 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitamka kuwa Honduras inawajibika kwa yaliyowapata Wamiskito 42.

Aliyepatwa apewe oksijeni, awahishwe kwenye chumba cha shinikizo, chumba cha tiba ambamo shinikizo la hewa hupandishwa kisha kushushwa taratibu. Kila saa inayopotea kwa mganga inapunguza nafasi yake ya kutembea tena.