Daktari, kampuni ya dawa na cheti chako cha dawa: maswali na majibu

Yule mwenye begi anayeingia kwa daktari bila kupanga foleni ni nani?

Mara nyingi ni mwakilishi wa kampuni ya dawa. Huacha vipeperushi, kalamu na sampuli za bure; wakati mwingine huja na mwaliko wa semina hotelini. Analotaka ni moja tu: daktari akishika kalamu kuandika cheti, jina la kwanza kumjia liwe la dawa ya kampuni hiyo.

Daktari msomi atayumbishwa na chakula cha mchana?

Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia hapana, wenzake labda. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 uliwaangalia madaktari zaidi ya 270,000, na ukaona kwamba waliokula mlo wa kampuni hata mara moja waliiandika zaidi dawa iliyokuwa ikinadiwa kuliko wasiokula. Kwa wastani milo hiyo haikufika dola 20. Utafiti huo hauthibitishi kuwa chakula ndicho kilichowabadilisha, maana huenda baadhi yao walishaipenda dawa hiyo tangu awali. Ila kampuni za biashara hazina desturi ya kulisha watu miaka na miaka bila faida.

Tena si lazima pawe na rushwa. Mtu akikufanyia hisani, unaona haya kumpuuza.

Mbona nchi zinazoendelea ndizo huumia zaidi?

Kwa sababu wagonjwa wengi hulipia dawa mfukoni mwao, hivyo cheti chenye jina la kibiashara la bei ghali kinaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima. Mamlaka za dawa nazo huwa na wakaguzi wachache. Na kuna hili lisilosemwa sana: daktari wa kituo cha mbali, asiye na majarida wala mafunzo ya mara kwa mara, huenda habari za dawa mpya akazipata kwa muuzaji peke yake. Madhara ya dawa hiyo atayasikia kwa nani?

Ni kampuni za kigeni tu?

La. Ni kweli kwamba mwaka 2014 mahakama ya China iliitoza GSK ya Uingereza faini ya yuan bilioni 3 kwa kuhonga madaktari na hospitali. Lakini India, yenye viwanda vyake vikubwa, mwaka 2018 ilipiga marufuku dawa mseto 328 (dawa zenye viambato viwili au zaidi kwa pamoja), nyingi zikiwa mchanganyiko usio na sababu ya kitabibu. Kabla ya hapo zilikuwa zikiuzwa na kuandikwa kwenye vyeti.

Sheria zipo?

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya maadili ya kunadi dawa mwaka 1988, ila miongozo si sheria. Bangladesh ilikuwa imeshatangulia: mwaka 1982 iliamuru dawa zipatazo 1,700 ziondolewe sokoni, kampuni kubwa zikapiga kelele, na viwanda vya ndani vikakua.

Nami mgonjwa nimuulize nini daktari?

Muulize jina la kiambato (kitu chenyewe kinachotibu ndani ya dawa), si la kibiashara tu, na kama ipo ya jeneriki, yaani isiyo ya kampuni iliyoianzisha, yenye kiambato hicho hicho. Ukipewa sampuli ya bure, uliza utaitumia kwa muda gani na itakugharimu kiasi gani ikiisha. Usiache wala kubadilisha dawa kabla hamjazungumza.