Kusomea uhalifu si kusomea upolisi

Nikiwa Kisumu, nikisema nafundisha kriminolojia (elimu ya uhalifu) na sera ya jamii (jinsi serikali inavyoshughulikia ustawi wa watu), huulizwa: "Basi mwalimu, unafunza makachero?" Hizi hapa dhana potofu ninazokutana nazo.

Dhana: Ni kozi ya polisi.
Polisi hufunzwa katika chuo chao cha Kiganjo. Sisi tunauliza sheria hutungwa vipi, nani hukamatwa na nani huachwa, na aliyetoka gereza la Kodiaga anarudi kwa nani. Wanafunzi wetu wanaweza kuwa maafisa wa probesheni au wa watoto, kazi ambazo natamani zingeheshimiwa zaidi.

Dhana: Takwimu za polisi ndizo uhalifu wenyewe.
Hapa ndipo mimi hutumia muda mwingi darasani. Ukinyang'anywa simu Kondele usiku, utaenda kituoni kuandikisha katika OB, kitabu cha matukio cha polisi? Wengi hununua nyingine wakanyamaza. Mama anayepigwa nyumbani Nyalenda, kesi yake huenda ikamalizwa na wazee wa ukoo, na kituoni pasiandikwe hata mstari. Kwa hiyo takwimu zinapopanda, usikimbilie kusema mji umeharibika. Pengine dawati la jinsia la kituo cha polisi, linalopokea kesi za ukatili wa nyumbani, limepata afisa anayesikiliza, na watu wameanza kujitokeza. Ndiyo maana watafiti hubisha hodi nyumba kwa nyumba wakiuliza: katika miezi 12 iliyopita, ulitendewa nini, na uliripoti? Uingereza ilianza uchunguzi wa namna hiyo mwaka 1982.

Dhana: Mwizi hujulikana kwa sura.
Mwitaliano Cesare Lombroso aliifanya imani hii kuwa nadharia mwaka 1876. Mwaka 1913 daktari wa magereza Charles Goring alichapisha vipimo vya wafungwa takriban 3,000 wa Uingereza, akiwalinganisha na watu wasio wafungwa, na hakuiona hiyo sura ya mhalifu. Hata hivyo, kijana mwenye rasta bado hutazamwa vibaya stendi ya Nakuru kabla hajafungua mdomo. Jambo hili huniuma.

Dhana: Sera ya jamii ni sadaka ya serikali.
Hifadhi ya jamii ni haki, imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Nyanya wa miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wahitaji, hapewi hisani. Mtafiti huuliza kama zimefika kwa wakati, na kama zinatosha ikiwa analea wajukuu.

Dhana: Mtafiti ni mpelelezi aliyejificha.
Hofu hii naielewa, maana mgeni mwenye maswali mengi mtaani hutia shaka. Lakini kabla ya kumhoji yeyote, mtafiti hupata kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, huipeleka kazi yake mbele ya kamati ya maadili, na humweleza anayehojiwa kwamba anaweza kukataa au kuacha katikati. Tangu 2019 kuna pia sheria ya kulinda data. Mwanafunzi akiniletea daftari lenye majina halisi ya vijana aliowahoji, humrudisha akayaondoe kabla sijasoma ukurasa wa kwanza.