Swichi kwenye rimoti ya treni za modeli: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukirudisha kirungu kwenye sifuri, rimoti imezimika."

Sifuri ni amri ya mwendo tu. Bodi, redio na skrini bado vinakula betri. Betri ya alkalini ya volti 9 hubeba takriban mAh 500 (miliampea-saa). Rimoti inayovuta mA 30 (miliampea; 1,000 ni ampea moja) itaimaliza kwa saa 16 hivi. Hata ile inayojilaza ikabaki inavuta mA 5, hesabu inatoa saa 100: ukiiacha kabatini Jumapili jioni, Ijumaa asubuhi utakuta betri imekufa. Kuchomoa betri kila mara kunasaidia, ila klipu hulegea na vile viwaya vyake vyembamba hukatika palepale vinapoingia kwenye plastiki. Swichi ndogo inamaliza adha hiyo.

"Nikizima rimoti, treni inasimama."

Hili ndilo linaloangusha vichwa vya treni mezani. Katika DCC, mfumo wa kidijitali wa kuendesha treni za modeli, umeme wa kuendesha kichwa unatoka relini, na rimoti inapeleka ujumbe tu. Ukishatuma pesa kwa simu kisha ukaizima, pesa haikwami njiani. Hapa ni vilevile: kituo cha amri kimeshapokea "mwendo 40" na kinaendelea kuurudia relini, rimoti iwe hai au imezimwa. Treni itazunguka mpaka mtu aishike au ifike mwisho wa reli.

Kwa hiyo mpangilio ni huu: punguza mwendo hadi sifuri, hakikisha kichwa kimesimama, kiachie kwenye mfumo ili rimoti nyingine iweze kukichukua, ndipo uzime. Wanaotumia WiThrottle, seva ya rimoti za Wi-Fi iliyo ndani ya JMRI (programu ya kompyuta ya treni za modeli), wana kinga ya ziada: inaweza kupangiwa isimamishe kichwa endapo mawasiliano na rimoti yatakatika kwa sekunde kadhaa. Kinga hiyo ijaribiwe kwa kichwa kimoja kinachotembea polepole kabla ya kuitegemea.

Rimoti za zamani za analogi ni habari nyingine. Humo umeme wa reli wenyewe unapita ndani ya rimoti, hivyo kuzima kunasimamisha treni ghafla na mabehewa ya nyuma yanaweza kuruka. Swichi yake nayo iwe ya angalau ampea 2. Yanayofuata hapa yanahusu rimoti za betri.

"Swichi kubwa ndiyo imara."

Rimoti ya betri mara nyingi haifiki mA 200. Swichi ndogo ya kuteleza yenye miguu mitatu, iliyoandikwa ampea 0.3 au 0.5, inatosha na kusaza. Mafundi redio wa Majengo, hapa Dodoma, wanazo kwenye mabaki ya tochi na redio mbovu. Swichi ya ukutani itakula nafasi bure.

Tatizo la kweli kwa Dodoma ni vumbi. Kiangazi kikishika, vumbi linapenya kwenye upenyo wa swichi ya kuteleza na rimoti inaanza kuwaka na kuzima yenyewe. Tone la alkoholi ya isopropili na kuitelezesha mara kumi huirudisha, betri ikiwa nje. Anayechoka na usafi huo atumie swichi ya kijiti yenye kofia ya mpira. Tundu lake ni la milimita 6 hivi. Hewa hiyohiyo kavu huleta umeme tuli, kwa hiyo gusa chuma kilichounganishwa na ardhi kabla ya kufungua kasha, na usifanyie kazi juu ya zulia.

"Unga nyekundu mguu mmoja, nyeusi mguu wa pili."

Ukifanya hivyo, kuwasha swichi ni kugonganisha chanya na hasi ya betri. Waya utapata moto. Swichi inakatiza waya mmoja tu, na ni vema uwe mwekundu, ili hasi ya betri, ya bodi na ya kebo ya mfumo zibaki pamoja.

Toa betri, chomoa kebo, fungua skrubu na utoe bodi kabisa kabla ya kutoboa, maana unga wa plastiki ukiingia kwenye vitufe ni kazi nyingine. Chagua mahali ambapo kidole gumba hakifiki kwa bahati mbaya, mbali na antena. Toboa matundu mawili ya milimita 2 yakiwa karibu, kisha yaunganishe kwa tupa ndogo. Kata waya mwekundu katikati na uurefushe kwa waya laini wa nyuzi nyingi, milimita za mraba 0.2. Vesha mpira unaojibana kwa moto *kabla* ya kulehemu (hili husahaulika karibu kila mara). Tumia mguu wa kati na mmoja wa pembeni. Ukitumia miwili ya pembeni, rimoti haitawaka kamwe. Pasi ya kulehemu iwe nyuzi 330 hadi 350 za Selsiasi, na isikae kwenye mguu zaidi ya sekunde 3. Plastiki ya ndani ikilainika, kitelezi hukwama.

"Swichi hiyo inazima rimoti kwa hali yoyote."

Inakata betri, basi. Ukichomeka kebo ya LocoNet, ile inayounganisha rimoti na mfumo, rimoti inapata umeme kutoka kwenye kebo na itawaka hata swichi ikiwa imezimwa. Si kosa la kulehemu.

"Kwenye betri ya lithiamu, weka swichi kwenye betri."

Kwa rimoti za kujitengenezea zenye bodi ya kuchaji ya TP4056, swichi ikae kwenye waya unaotoka kwenye alama ya OUT+ ya bodi hiyo kwenda kwenye rimoti. Ukiiweka kati ya betri na B+ (alama ya kuunga betri), rimoti iliyozimwa haitachajiwa. Chaji ikiwa imezimwa, kwa sababu rimoti inayovuta umeme huku inachajiwa huidanganya chipu isijue betri imejaa. Chagua bodi yenye ulinzi wa betri. Zile zisizo na OUT+ na OUT- kwa kawaida hazina.

"Ongeza taa ya kuonyesha imewashwa."

Sawa, lakini piga hesabu. LED nyekundu na rezista ya ohm 1,000 kwenye volti 9 inakula mA 7, zaidi ya rimoti iliyolala. Weka ohm 4,700, ushuke hadi mA 1.5, na uiunge upande wa baada ya swichi.

Kabla ya kufunga kasha, pima. Weka multimita kwenye mA, ipitishe kati ya betri na klipu. Swichi ikiwa imezimwa isomeke 0.00. Ukiona hata mA 1.5, kuna waya unaoizunguka swichi, na mara nyingi ni ile LED iliyoungwa upande usiofaa.