Je, betri ya sodiamu ikitumbukia Ziwa Victoria italipuka?

Aliyesoma kemia sekondari anakumbuka: kipande cha sodiamu kikitupwa majini huchachamaa na kukimbia huku na huku, na kikiwa kikubwa hulipuka. Sasa betri za sodiamu zinatajwa kama njia nafuu ya kuhifadhi umeme wa gridi, ili jua la mchana la mahali kama Kishapu, Shinyanga, liwashe taa za Mwanza usiku. Je, ni salama kuziweka kando ya ziwa?

Sodiamu inayolipuka ni metali. Kila atomu yake ina elektroni moja ya nje isiyoshikwa kwa nguvu. Maji yakiipokea, joto na haidrojeni hutoka, na moto hufuata. Ndani ya betri hizi sodiamu husafiri ikiwa ioni, yaani atomu iliyokwisha kuachana na elektroni hiyo. Haina tena cha kutoa. Ioni hizohizo zimo kwenye chumvi ya mezani, kwenye magadi ya kulainishia maharage, na ndani ya maji ya Ziwa Victoria lenyewe!

Hofu ina msingi kwa ndugu yake, betri ya sodiamu na salfa, ambayo hubeba sodiamu metali iliyoyeyuka kwenye joto la nyuzi 300 hivi. Mwaka 2011 betri za aina hiyo ziliungua kwenye kiwanda kimoja mkoani Ibaraki, Japani.

Betri ya ioni hufanyaje kazi? Chukulia Kigongo na Busisi, pande mbili za ghuba ya Ziwa Victoria, kivuko na daraja vyote vikitumika. Ioni hupanda kivuko na kuvuka kimiminika kilicho ndani ya betri. Elektroni hukataliwa kivukoni. Lazima ipite darajani, yaani kwenye waya wa nje, na hapo ndipo tunapoitoza ushuru: iwashe taa, izungushe mota. Ukichaji, wote hurudi walikotoka. Gati la grafaiti, yaani upande wa betri ambako ioni hutua, linaloipokea vizuri lithiamu ya betri za simu huikataa sodiamu, hivyo hutumika kaboni ngumu, yenye tabaka zilizopangika ovyo na vijitundu vingi.

Sodiamu ni nyingi kwenye ganda la dunia kuliko lithiamu, mara elfu moja hivi. Betri yake ni nzito kwa umeme uleule, lakini kituo cha umeme hakitembei. Kile cha Hubei, China, kilichowashwa 2024, kina megawati 50 na huhifadhi megawati-saa 100. Unafuu wa bei bado una ubishi, kwa kuwa lithiamu nayo imeshuka sana tangu 2022.

Wala usalama si kamili. Kimiminika cha betri ya ioni za sodiamu kwa kawaida huweza kuwaka, na betri ikichajiwa vibaya, sodiamu metali huweza kujijenga ndani. Ikipasuka majini ikiwa imejaa chaji, hatari ipo. Ila ina sifa moja inayonivutia kuliko zote: kwa kuwa pande zote mbili huweza kutumia karatasi ya alumini kupitishia umeme badala ya shaba, inaweza kuishiwa umeme hadi volti sifuri bila kuharibika. Mzigo wa kwenda kisiwani Ukerewe ungeweza kupakiwa melini betri zikiwa tupu kabisa, zikachajiwe huko huko.