Namba ya Jarida Haisemi Ubora wa Makala Yako

Msimu wa kupandishwa vyeo ukikaribia, sisi wakutubi wa vyuo vikuu huulizwa swali lilelile na watafiti vijana: jarida hili lina kiwango cha athari cha ngapi, yaani makala zake hunukuliwa mara ngapi kwa wastani? Hofu yao ina msingi, kwani zipo kamati zinazotazama namba hiyo kabla ya kufungua makala yenyewe. Namba hiyo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Chukua Journal of Cell Biology, jarida la baiolojia ya seli la Rockefeller University Press, New York, lililoanza mwaka 1955 kwa jina jingine. Mwaka 1963 lilichapisha makala ya kurasa 5 ya E. S. Reynolds. Haikutangaza nadharia mpya. Ilieleza namna ya kutia sampuli rangi yenye madini ya risasi kwa ajili ya darubini ya elektroni. Tishu hupitisha elektroni kirahisi mno, kwa hiyo picha hufifia. Risasi, kwa kuwa ni metali nzito, huzizuia, na utando wa seli ukajitokeza mweusi, ukionekana vizuri. Kero ilikuwa kwamba risasi ikikutana na kabonidayoksaidi ya hewani hufanya mashapo yanayochafua sampuli. Reynolds alitafuta mchanganyiko unaotulia. Maabara duniani kote ziliuchukua, na makala hiyo imenukuliwa maelfu kwa maelfu ya mara.

Sasa tazama hesabu. Kiwango cha athari cha mwaka 2024 hupatikana kwa kuchukua mara ambazo jarida lilinukuliwa mwaka huo kwa yale liliyochapisha 2022 na 2023, kisha kugawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo miwili. Nukuu ambazo Reynolds anaendelea kuzipata hazimo kabisa.

Hata hiyo idadi ya makala tunayogawanya kwayo ina utata. Tahariri na habari kwa kawaida hazihesabiwi kama makala, ila zikinukuliwa, nukuu zake huongezwa kwenye jumla ya nukuu inayogawanywa. Mwaka 2007 wahariri wa jarida hilihili walinunua takwimu kutoka kwa kampuni iliyokuwa ikitoa viwango hivyo, wakapiga hesabu upya, wakashindwa kupata namba zilizotangazwa. Wakaliandika jambo hilo hadharani. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Na wastani wenyewe huficha mengi. Per Seglen wa Norway alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba takribani asilimia 15 ya makala huleta nusu ya nukuu zote. Nyingi zilizobaki hunukuliwa chini ya wastani wa jarida lao.

Desemba 2012, kwenye mkutano wa wanabaiolojia wa seli wa Marekani, lilianza Azimio la San Francisco, linalotaka vipimo vya majarida visitumike kuamua ajira, vyeo wala ruzuku. Kwa hiyo, ukijaza fomu yako, eleza ulichogundua, nani amekitumia, na katika kazi gani. Kutafuta walionukuu makala yako na kusoma walisema nini juu yake ni kazi ambayo mkutubi wa chuo chako anaweza kukusaidia.